Injini ya Toyota ya zamani inagonga tik tik tik: itafute kelele mwenyewe kabla hujauziwa injini nyingine

Wakuu, hii naiandika kwa ajili ya wenye Corolla 110, Sprinter, Carina Ti, Spacio ile ya kwanza, yani gari zenye injini za 4A, 5A na 7A, na njiani ntaigusia 1NZ pia maana ndo iko kwenye IST, Probox, Raum na Platz ambazo nazo sasa hivi ni gari za zamani tu, nyingi zimeshatembea kilometa laki mbili na zaidi.

Kinachoniuma ni hiki. Gari inaanza tik tik tik asubuhi, mwenye gari anaipeleka gereji, fundi anasimama pembeni ya boneti sekunde chache, anatikisa kichwa, anasema injini imenoki hii, tafuta hela tukachukue nyingine Gerezani, pale Dar kwenye spea. Na mtu anatoa hela! Anafungiwa injini ya mtumba ambayo hajui imetembea kiasi gani, huko nyuma injini yake ilikuwa inahitaji gasketi ya manifoldi au kuset tapeti (nafasi ya valvu) ambayo ni kazi ya siku moja. Kelele ya tik inaweza kutoka sehemu karibu kumi tofauti na nyingi kati ya hizo hazihitaji kufungua injini kabisa. Kwahiyo kabla hujakubali lolote, itafute kelele inatoka wapi, na kuitafuta unaweza hata kama hujawahi kushika spana, ukienda taratibu.

Anza na oili. Najua kila mtu anasema hivo lakini watu hawafanyi. Paki sehemu tambarare, zima, subiri dakika kama tano oili ishuke, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena ndo usome. 1NZ inabeba lita 3.7 ukibadili na filta, kwahiyo ikipungua lita moja hapo umeshapoteza zaidi ya robo ya oili yote, pampu inaanza kuvuta hewa hasa ukikata kona au ukipanda mlima, na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, iko juu kabisa ndo inaumia ya kwanza. Kama imepungua ongeza kwanza, washa, sikiliza. Kuna kelele nyingi zinaishia hapo.

Alafu angalia ni oili gani iko ndani. Huku kwetu gari nyingi zinawekewa 20W-50 au ile 40 tupu isiyo na W, mana fundi anaamini oili nzito inalinda injini iliyochoka. Inanyamazisha kelele kidogo ikishapata moto, ni kweli, lakini asubuhi inachelewa kufika juu, na ukiwa sehemu za baridi kama Njombe, Mbeya, Arusha au kule Limuru na Eldoret utasikia tapeti zinalia muda mrefu kila ukiwasha, na muda huo wote chuma inasagana na chuma. Kwa 4A, 5A na 7A weka 10W-30, au 15W-40 kama injini imechoka na unaishi kwenye joto kama Dar, Tanga au Mombasa. Kwa 1NZ baki na 5W-30. Nunua duka unaloliamini, maana oili feki zipo sokoni na dumu lake linafanana kabisa na la ukweli, na ukimaliza kutumia dumu litoboe au likate ili lisirudi mtaani kujazwa tena.

Filta nayo usiidharau. Ndani ya filta nzuri kuna mpira unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Filta ya bei ya kutupa huo mpira unakuwa mgumu au haushiki, oili yote inashuka usiku, asubuhi ukiwasha injini inalia sekunde mbili tatu alafu inanyamaza. Ukiona dalili ni hiyo tu, kelele ya kuwashia halafu kimya siku nzima, badilisha oili na filta nzuri kwanza, tembelea siku kadhaa, ndo uendelee na mengine kama bado ipo. Kwenye 1NZ kelele ya hivo hivo ya sekunde moja mbili asubuhi inaweza kuwa cheni ya taimingi imelegea au tenshena yake (inayoikaza) imechoka, hiyo inakuwa kama krrr na sio tik, na inasikika upande wa cheni, yani upande wa mikanda.

Sasa taa ya oili. Kama taa nyekundu inapepesa ukiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) na injini imepata moto, usiendelee kuendesha, zima. Hapo usibahatishe, mwambie fundi atoe swichi ya presha ya oili afunge geji ya kupimia kwa mkono. Kwa hizi injini za A (4A, 5A, 7A), sailensa ikiwa ya moto isipungue 0.3 ya kilo kwa sentimita ya mraba, na ukiipandisha mpaka mizunguko 3000 kwa dakika isome kati ya 2.5 na 5. Ikiwa chini ya hapo kuna shida ya pampu, au beringi za kranki (shafti kuu ya chini inayozungushwa na pistoni) zimeisha, au chujio la chini kwenye sampu (beseni la oili) limeziba.

Na hapo kwenye chujio ngoja nikae kidogo maana hili ni janga letu wenyewe. Mafundi wengi wakifunga sampu au rokakava (kifuniko cha juu cha injini) wanapaka silikoni nyingi mno, ile nyekundu au ya kijivu, wanaiminya mpaka inatokeza nje. Ile inayotokeza nje unaiona, lakini kiasi hicho hicho kimetokeza na ndani. Inakauka, inakatika vipande vidogo vidogo kama minyoo, vinaelea kwenye oili mpaka vinafika kwenye chujio la pampu na kukaa pale. Ukifungua sampu ya injini ya namna hiyo unakuta wavu wa chujio umefunikwa nusu na vipande vyekundu vimechanganyika na tope jeusi, injini ilikuwa inanyonya oili kupitia sehemu iliyobaki. Mwenye gari ameshabadili oili mara ngapi sijui na kelele haiishi. Kwahiyo kama injini yako iliwahi kufunguliwa, na presha iko chini, shusha sampu usafishe chujio kabla hujaanza kuongelea kranki.

Tuseme oili iko sawa na presha ipo. Sasa sikiliza, na usikilizaji una utaratibu wake. Fanya nje, sio ndani ya banda lililofungwa, moshi wa egzosti unaua na hauna harufu ya kukushtua. Vua tai, kitambulisho cha shingoni, mtandio ufunge vizuri, mikono mirefu ikunje, na jua kwamba feni ya hizi gari ni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe muda wowote hata kama ilikuwa imetulia.

Jiulize maswali haya wakati injini inaunguruma. Kelele ipo ikiwa baridi tu na inaisha ikipata moto? Ipo ikiwa ya moto tu? Ipo muda wote? Inaongezeka kasi pamoja na injini au inabaki vile vile? Ukikanyaga mafuta ghafla inakuwa kubwa? Majibu ya hapo yanakupunguzia nusu ya kazi. Baridi tu halafu inapungua taratibu dakika kama kumi hivi, fikiria egzosti manifoldi inavujisha. Muda wote, nyepesi, kama cherehani, hapo fikiria tapeti. Nzito, ya chini, inakuwa kubwa ukiipa mzigo, hapo ndo penye wasiwasi wa konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki.

Kuna mbinu moja nzuri wengi hawaijui. Kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa kranki, kwahiyo kelele ya valvu moja inapiga mara moja kila kranki ikizunguka mara mbili. Injini ikiwa sailensa kwenye 750, valvu moja inapiga kama mara sita kwa sekunde, na kitu cha kwenye kranki kitapiga kama mara kumi na mbili. Sikio halihesabu hivo, lakini simu inaweza, rekodi karibu na injini alafu ichezeshe kwa mwendo wa taratibu, uhesabu. Ikiwa sita hivi, mara nyingi iko juu, valvu, plagi, injekta, manifoldi. Ikiwa kumi na mbili, mara nyingi iko chini, kranki, sahani ya gia boksi ya oto. Ukiwa na valvu kadhaa zinazolia pamoja hesabu inavurugika ila mara nyingi inayolia sana ni moja au mbili.

Kutafuta sehemu yenyewe tumia bisibisi refu, mpini ukaweke kwenye mfupa wa mbele ya sikio, ncha uigusishe kwenye chuma. Gusa rokakava juu ya silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Gusa kila injekta. Gusa altaneta, pampu ya maji, pampu ya stelingi. Ingia chini uguse sampu, ila kama unaingia chini weka jeki stendi, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Sehemu ambayo kelele inakuja kali na karibu kabisa ndo hapo hapo. Kwa kelele za hewa bisibisi haisaidii, chukua kipande cha mpira wa maji kama mita moja, upande mmoja sikioni, upande mwingine utembeze karibu na manifoldi na kwenye matundu ya plagi bila kugusa, ukipita penye mvujo utasikia inapiga chu chu chu moja kwa moja sikioni.

Sasa twende kwenye zile kelele zinazowadanganya watu.

Injekta zinalia tik tik muda wote, hiyo ni kazi yao, sio ugonjwa. Zote nne zilie sawa. Kama moja iko kimya au inalia tofauti na wenzake hiyo ndo ya kuangalia, na mara nyingi injini itakuwa inamis pia. Kuna kivalvu kidogo cha mvuke wa petroli nacho kinalia tik tik kwenye baadhi ya gari, kigusie kidole utakisikia kinapiga, achana nacho.

Plagi iliyolegea. Hii inatokea sana baada ya sevisi. Plagi haijakazwa vizuri, hewa ya mgandamizo inapenya pembeni, inatoa tik kali kabisa ambayo inafanana na tapeti. Chomoa waya au koili, angalia tundu la plagi, ukiona masizi, imekuwa inavuja. Ikaze, kwa toki renchi (spana ya kupimia nguvu ya kukaza) ni Nm 18, na kama nyuzi zimekufa usilazimishe, silinda hedi ni ya aluminiamu, hapo inahitaji fundi wa kuweka nyuzi mpya.

Waya za plagi kwenye A ambazo zina distributa (kile kinachogawa umeme wa plagi) zinachoka na umeme unaruka nje kwenda kwenye chuma, unasikia tak tak kavu. Subiri usiku, zima taa zote, washa gari fungua boneti, kama kuna umeme unaruka utauona cheche za bluu kwa macho. Nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye waya, zikiongezeka umeshapata jibu. Badilisha seti nzima, usibadilishe waya mmoja.

Egzosti manifoldi, hapa ndo watu wengi wanapoteza injini zao bure. Kwenye hizi A manifoldi iko mbele upande wa rejeta, imefunikwa na bati la kuzuia joto. Gasketi yake inaungua, studi zinakatika, au chuma chenyewe kinapasuka, moshi unatoka kwa kupiga kila silinda inapotema, na sauti yake ni tik tik tik ile ile ya tapeti. Tofauti ni kwamba asubuhi inakuwa kubwa, chuma ikipata moto inatanuka inaziba ufa, kelele inapungua au inaisha. Tapeti haibadiliki sana hivo. Kuhakikisha, injini ikiwa bado ya baridi mwambie mwenzio avae glavu nene akunje tambara aliweke kwenye mdomo wa bomba la nyuma, alizibe nusu kwa sekunde chache tu asizibe kabisa, wewe uko mbele unasikiliza. Kama kelele imekuwa kubwa ghafla, ni mvujo. Alafu zima, ngoja ipoe, fungua lile bati tafuta alama nyeusi za masizi kwenye maungio, hapo ndo moshi unapotokea. Na saa nyingine ni lile bati lenyewe limelegea boliti moja linatetemeka, lishike kwa spana ndefu kelele ikinyamaza umemaliza.

Ukibadilisha gasketi ya manifoldi, studi zilizoota kutu zipulizie mafuta ya kulegeza siku moja kabla, ukilazimisha zitakatikia ndani na kazi ya saa mbili itakuwa ya siku mbili. Hakikisha uso wa manifoldi umenyooka, weka rula ya chuma juu yake, kama umepinda peleka mashine shopu wakausawazishe, gasketi mpya kwenye uso uliopinda haidumu.

Mikanda: legeza na utoe mkanda wa altaneta, washa gari sekunde thelathini bila mkanda, kama kelele imeisha basi iko kwenye altaneta, pampu ya maji au puli. Usiiache iungurume bila mkanda muda mrefu, kwenye gari ambayo pampu ya maji inaendeshwa na huo mkanda itachemka.

Kuna kelele nyingine ya kama kengele ndogo inayokuja ukipanda mlima gia kubwa na kupotea ukiachia mafuta, hiyo sio tik ya chuma, ni petroli inalipuka kabla ya wakati. Kwenye A zenye distributa angalia taimingi, unaunganisha TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha boneti, taa ya taimingi isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Mtu akiwa ameizungusha distributa ili gari iwe na nguvu ndo matokeo yake hayo.

Sasa ile ya kuogopa. Konrodi ikiwa imenoki sauti yake inatoka chini, ni nzito, inasikika vizuri ukishika 2000 mpaka 3000 na pale unapoachia mafuta. Kuhakikisha, kata silinda moja moja. Usichomoe waya wa plagi kwa mkono injini ikiwaka, utapigwa na umeme, na petroli isiyoungua inaenda kuharibu masega ya egzosti (katalisti). Chomoa soketi ya injekta ya silinda moja, sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Ukifika silinda ambayo ukiikata kelele inapungua sana au inabadilika, tatizo ni konrodi au pistoni ya silinda hiyo, kwa sababu umeitoa mzigo. Tapeti haijali kama silinda inaungua au haiungui, itaendelea kulia vile vile. Kipimo hiki ni bure, hakihitaji kifaa, na fundi anayekuambia injini imenoki mwombe akufanyie hiki mbele yako. Ikithibitika ni konrodi simamisha gari, ivute kwa kamba, usiimalizie safari maana beringi ikizunguka inakula kranki na ikikatika inatoboa bloku. Kwenye gari ya oto kabla hujakubali kufungua, toa kile kifuniko kidogo cha gia boksi uangalie sahani inayounganisha injini na konveta, ikipasuka au boliti zake zikilegea inagonga sawasawa na konrodi.

Kama vyote hivyo umevipita na bisibisi inakuambia juu, rokakava, silinda fulani, sasa ndo tunaongea tapeti.

Hizi 4A, 5A, 7A zina valvu 16, na juu ya kila valvu kuna kikombe, na juu ya kikombe kuna kisahani kidogo cha mviringo, shimu. Hakuna skrubu ya kukaza. Nafasi kati ya kamshafti na shimu inatakiwa iwe 0.15 hadi 0.25 ya milimita upande wa kuvuta hewa, na upande wa egzosti ni 0.20 hadi 0.30 kwa 4A na 5A, na 0.25 hadi 0.35 kwa 7A. Mi nalenga 0.20 kuvuta na 0.25 mpaka 0.30 egzosti, hapo uko salama kwa zote. Ikizidi inalia. Ikipungua hailii kabisa, na hiyo ndo mbaya zaidi, maana valvu haifungi vizuri, inaungua pembeni, na injini inapoteza mgandamizo kimya kimya. Kwahiyo mtu akikuambia amekaza tapeti mpaka zimenyamaza kabisa uulize zimesoma ngapi.

Injini lazima iwe baridi, iliyolala usiku kucha. Toa waya za plagi, uziwekee alama, toa plagi zote nne ili injini izunguke kirahisi, fungua rokakava. Kabla hujaifungua pulizia hewa na futa mchanga wote juu yake, mchanga ukiingia mle umejitafutia kazi. Chukua spana ya 19 zungusha kranki kwa mwelekeo wa saa mpaka alama ya puli iwe kwenye 0 na vikombe vya silinda ya kwanza viwe vimelegea vyote, vikiwa vimekazwa zungusha duara moja zaidi. Hapo pima upande wa kuvuta silinda ya 1 na 2, upande wa egzosti silinda ya 1 na 3. Zungusha duara moja kamili, pima kuvuta 3 na 4, egzosti 2 na 4. Fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) ipite kwa kuvutika kidogo, isilegee wala isilazimishwe, ukipata 0.20 inapita kwa kukaza kidogo na 0.22 haipiti, basi ni 0.20. Andika kila namba kwenye karatasi, valvu zote 16, usitegemee kichwa.

Sasa hesabu. Shimu mpya ni unene wa shimu ya zamani, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayotaka. Mfano valvu ya kuvuta imesoma 0.32, shimu yake ni 2.70, unataka 0.20: 2.70 jumlisha 0.12 unapata 2.82. Shimu zinauzwa kwa hatua za 0.05, chukua 2.80, itabaki 0.22, safi kabisa. Mfano egzosti imesoma 0.12, shimu 2.80, unataka 0.25: inatakiwa 2.67, chukua 2.65 itabaki 0.27. Unene umeandikwa kwenye shimu upande wa chini lakini kwa injini iliyotembea pima kwa maikromita maana sehemu ya juu inalika. Na kabla hujanunua zote angalia zile ulizonazo, mara nyingi shimu ya valvu moja inafaa kwenye nyingine, unahamisha tu, unanunua mbili tatu.

Kuzitoa kuna kifaa maalum kinachokandamiza kikombe chini kamshafti ikiwa hapo hapo, unazungusha kikombe mpaka kile kikato kidogo kikae upande unaoufikia, unainua shimu kwa bisibisi ndogo na kuidaka kwa sumaku. Fundi asiye na kifaa atataka kutoa kamshafti, sawa inawezekana, lakini kati ya kamshafti mbili kuna gia yenye gia nyingine nyembamba ya springi, lazima ifungwe na boliti kabla ya kutoa, na kofia za kamshafti zinalegezwa kidogo kidogo kwa mpangilio, la sivyo kamshafti inakatika. Muulize kabla hajaanza kama anaijua hiyo gia. Akishangaa, tafuta mwingine.

1NZ haina shimu, kikombe chenyewe ndo kinabadilishwa, kuna saizi 35 kuanzia 5.06 mpaka 5.74 kwa hatua za 0.02, nafasi ni 0.15 hadi 0.25 kuvuta na 0.25 hadi 0.35 egzosti. Huko lazima kamshafti zitoke na cheni ishikwe isidondoke, iwekewe alama za rangi kwenye gia zote mbili kabla ya kugusa chochote. Kwa hiyo kazi mi nashauri tafuta fundi mzoefu, sio ya kujifunzia. Ila kupima unaweza mwenyewe, na ukienda na karatasi ya vipimo mkononi hakuna atakayekudanganya.

Wenye Mitsubishi za 4G63 na ndugu zake, nyingi zina tapeti za oili, hizo hazipimwi wala hazikazwi, zikilia ni oili chafu au tapeti yenyewe imeziba au imeisha. Badilisha oili, itembeze barabara ndefu, ikiendelea unabadilisha tapeti.

Kwa wale wa Dar waliofunga mfumo wa gesi kwenye IST na Probox, hili linawahusu zaidi. Gesi ni kavu, viti vya valvu hasa za egzosti vinalika haraka kuliko kwenye petroli, na kiti kikilika valvu inapanda juu, nafasi inapungua. Yani gari yenu inaweza isilie kabisa na ndo inaharibika. Pimeni nafasi hata kama hamsikii kelele, na mkiona sailensa inatetemeka asubuhi na gari imepungua nguvu, msikimbilie plagi na koili tu, pimeni valvu.

Ukimaliza zungusha kranki kwa mkono duara kadhaa upime tena valvu zote, maana shimu huwa inakaa vizuri ikishakandamizwa. Rokakava irudishe na gasketi mpya ya mpira, silikoni weka tone tu kwenye zile kona za nusu duara na sio kuzunguka kote, na kumbuka mipira ya matundu ya plagi ikiwa migumu ibadilishe hapo hapo, la sivyo oili itajaa kwenye plagi. Kaza kidogo kidogo kuanzia katikati, haihitaji nguvu. Washa, iache ipate moto, sikiliza tena kwa bisibisi silinda moja moja. Tik nyepesi sana ya usawa kwenye valvu zote ni ya kawaida kwa hizi injini, usiifukuzie. Kesho yake asubuhi angalia kama oili imevuja pembeni ya rokakava, na ile karatasi yenye vipimo 16 na saizi za shimu itunze kwenye gari, siku nyingine utanunua shimu kabla hujafungua kitu.